Mchezo wa sarafu

Mchezo wa sarafu ni mchezo mfupi wa mafunzo unaoonyesha jinsi kazi inavyosafiri kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine ndani ya timu. Washiriki hugeuza sarafu moja moja na kuzipitisha kwa mwenzao, kwanza zikiwa fungu moja kubwa, kisha katika mafungu madogo zaidi, huku muda ukipimwa. Mwishoni hulinganisha nyakati na kujadili kwa nini zimetofautiana, ingawa watu ni walewale na idadi ya sarafu haikubadilika.

Mchezo huu hutumiwa hasa na walimu wa ajaili, yaani mtindo wa kufanya kazi kwa hatua fupi, kukabidhi matokeo mapema na kurekebisha mpango kadiri timu inavyojifunza. Hauhitaji kompyuta wala elimu ya awali, na huchukua chini ya saa moja. Kanuni zake hueleweka vizuri zikilinganishwa na kazi ambazo washiriki wanazijua. Makala hii inatumia mifano ya kahawa, migomba na uvuvi wa mkoa wa Kagera nchini Tanzania, hasa Bukoba na Muleba.

## Chimbuko

Mawazo yaliyo nyuma ya mchezo huu ni ya zamani kuliko ajaili yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Toyota ya Japani ilijenga mfumo wa kuzalisha magari kwa mafungu madogo na kuepuka malundo ya vipuri yanayosubiri. Mhandisi Taiichi Ohno alikuwa mmoja wa waasisi wa mfumo huo. Ndani yake ilizaliwa kanbani, kadi inayomwambia mfanyakazi wa hatua ya nyuma kwamba hatua ya mbele iko tayari kupokea kazi nyingine.

Mwezi Februari 2001 watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika ilani ya ajaili. Baadaye kanbani nayo iliingia katika kazi za programu. David J. Anderson aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2010.

Kufundisha kazi kwa mchezo nako kuna historia yake. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) wanafunzi wamekuwa wakicheza "mchezo wa bia" tangu miaka ya 1960 ili kuona jinsi maagizo yanavyovurugika kati ya kiwanda na duka. Eliyahu Goldratt, katika riwaya yake *The Goal* ya mwaka 1984, alieleza mchezo wa njiti za kiberiti na dadu unaochezwa na vijana walio safarini. Mchezo wa sarafu uko katika ukoo huohuo.

## Vifaa na washiriki

Mchezo wa kawaida huhitaji:

* sarafu 20 zinazofanana, kwa mfano za shilingi 100 au 200;
* meza ndefu moja;
* saa au simu zenye kipima muda;
* ubao au karatasi ya kuandikia matokeo.

Pasipo na sarafu za kutosha, vizibo vya soda vinafaa vilevile kwa sababu vina pande mbili zinazotofautika. Maharage na buni hazifai, kwa kuwa haionekani kama zimekwisha kugeuzwa.

Washiriki wa meza moja huwa 9. Wanne ni wafanyakazi, nao hukaa kwa mstari. Nyuma ya kila mfanyakazi husimama mpima muda mmoja, ambaye huandika mfanyakazi wake alianza lini na kumaliza lini. Wa tisa ni mteja. Yeye hukaa mwisho wa meza na kuandika muda alipopokea sarafu ya kwanza na muda alipopokea ya mwisho.

## Namna ya kuchezwa

Kila mfanyakazi hugeuza sarafu moja baada ya nyingine kwa mkono mmoja, kisha husukuma fungu kwa jirani yake. Fungu haliruhusiwi kuondoka mpaka sarafu zake zote zigeuzwe. Mchezo una raundi nne:

1. fungu la sarafu 20;
2. mafungu ya sarafu 10;
3. mafungu ya sarafu 5;
4. sarafu moja moja.

Kabla ya kila raundi mwongozaji huwataka washiriki wabashiri muda utakaotumika. Ubashiri huandikwa ubaoni ili ulinganishwe na matokeo.

## Matokeo

Tuchukulie kwamba kila mfanyakazi hugeuza sarafu moja kwa sekunde moja na kwamba kusukuma fungu hakuchukui muda. Matokeo huwa kama ifuatavyo:

| Ukubwa wa fungu | Mteja hupokea sarafu ya kwanza | Mteja hupokea sarafu ya mwisho | Muda wa kazi wa kila mfanyakazi |
|---|---|---|---|
| 20 | sekunde 80 | sekunde 80 | sekunde 20 |
| 10 | sekunde 40 | sekunde 50 | sekunde 20 |
| 5 | sekunde 20 | sekunde 35 | sekunde 20 |
| 1 | sekunde 4 | sekunde 23 | sekunde 20 |

Safu ya mwisho ndiyo huwashangaza wengi. Hakuna aliyeongeza kasi, kwani kila mtu amegeuza sarafu 20 kwa sekunde 20 katika kila raundi. Kilichopungua ni kusubiri. Katika raundi ya kwanza kila mfanyakazi hufanya kazi sekunde 20 na kukaa bure sekunde 60. Katika raundi ya nne wote wanne wanashughulika karibu muda wote.

Katika mchezo halisi nyakati huwa ndefu kidogo kuliko hizi. Mara nyingi muda wa kazi wa mfanyakazi mmoja mmoja huongezeka katika raundi ya nne, kwa sababu anapokea na kupitisha mara nyingi zaidi. Hata hivyo muda wa mteja hupungua sana. Tofauti hiyo huzaa swali kuu la mjadala: je, msimamizi apime jinsi kila mtu anavyoshughulika, au apime mteja anavyopata huduma?

## Kanuni zinazofundishwa

### Mafungu madogo

Sarafu iliyo ndani ya fungu kubwa hutumia muda mwingi ikisubiri wenzake. Katika raundi ya kwanza kila sarafu iko mezani kwa sekunde 80, lakini inaguswa kwa sekunde 4 tu. Muda uliobaki ni wa foleni.

### Kazi iliyo njiani

Mwaka 1961 John Little wa Marekani alichapisha uthibitisho wa kanuni inayoitwa kwa jina lake. Kanuni hiyo husema kwamba wastani wa vitu vilivyo njiani ni sawa na kasi ya kutoka mara wastani wa muda ambao kila kitu hukaa njiani. Mchezo wa sarafu huionyesha waziwazi. Katika raundi ya kwanza sarafu 20 hutoka kwa sekunde 80, yaani robo sarafu kwa sekunde. Robo mara 80 ni 20, nazo sarafu zote 20 ziko njiani. Katika raundi ya nne, mkondo ukishatulia, sarafu moja hutoka kila sekunde na kila moja hukaa njiani sekunde 4, hivyo zilizo njiani ni 4 tu.

Kutokana na hilo timu za ajaili huweka kikomo cha kazi zinazoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja. Anayetaka kazi zimalizike haraka huanza kwa kupunguza zilizofunguliwa.

### Kugundua kosa mapema

Waongozaji wengine huongeza raundi yenye kosa. Mfanyakazi wa kwanza huelekezwa kwa siri ageuze sarafu upande usiotakiwa, na ni mteja peke yake anayejua upande sahihi. Kwa fungu la 20, mteja hugundua kosa katika sekunde ya 80, sarafu zote zikiwa zimeharibika. Kwa sarafu moja moja, hugundua katika sekunde ya 4, zikiwa zimeharibika 4 na nyingine 16 hazijaguswa. Mafungu ya 5 hayasaidii hapa, kwa sababu fungu la kwanza humfikia mteja katika sekunde ya 20, wakati mfanyakazi wa kwanza ameshamaliza zote.

### Hatua iliyo ya polepole kuliko zote

Katika raundi nyingine ya nyongeza mfanyakazi wa pili hutumia mkono wa kushoto, na kila sarafu humchukua sekunde 2. Kwa sarafu moja moja, mteja sasa hupokea ya mwisho katika sekunde ya 43 badala ya 23. Kufikia sekunde ya 20 mfanyakazi wa kwanza amemaliza kazi yake, na sarafu 10 zimerundikana mbele ya wa pili. Bidii ya wa kwanza haikumfaidi mteja hata kidogo.

Mwongozaji huweza kurudia raundi hiyo kwa sharti kwamba sarafu zinazosubiri mbele ya wa pili zisizidi 2. Zikifika 2, wa kwanza husimama. Muda wa mteja unabaki sekunde 43 zilezile, ila lundo limetoweka na wa kwanza ana nafasi ya kumsaidia mwenzake. Hapo ndipo washiriki huona kwamba kusimama si uvivu kila wakati.

## Mjadala baada ya mchezo

Mjadala ndio sehemu yenye mafunzo, na kwa kawaida hupewa muda usiopungua ule wa kucheza. Mwongozaji huuliza maswali machache: Nani alisubiri, na alijisikiaje? Ubashiri ulikosewa wapi? Katika kazi yetu sarafu ni nini, fungu ni nini, na mteja ni nani? Kosa la kawaida la mwongozaji ni kutoa majibu kabla washiriki hawajayatamka wenyewe. Kosa jingine ni kuugeuza mchezo kuwa mashindano ya meza kwa meza, maana hapo watu hukazania kasi ya mikono na kusahau mpangilio wa kazi.

## Mifano kutoka Kagera

### Kahawa ya maganda

Wakulima wengi wa Bukoba na Muleba hupanda kahawa pamoja na migomba katika kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo hukaushwa juani ikiwa na maganda yake. Mkulima huipeleka katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ambako hupimwa na kukusanywa. Kisha husafirishwa hadi kiwanda cha kukoboa, na kahawa safi huuzwa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU (1990) Ltd, huunganisha vyama vya msingi vya Bukoba, Muleba na Missenyi. Historia yake inarudi hadi kwenye ushirika ulioundwa Bukoba mwaka 1950.

Kwa macho ya mchezo wa sarafu, kila hatua hapa ni mfanyakazi mezani. Kahawa ya mkulima husubiri ghalani mpaka lori lijae, husubiri zamu ya kukobolewa, na husubiri mnunuzi. Katika utaratibu wa miaka mingi, mkulima alipata malipo ya awali alipokabidhi kahawa na malipo ya pili baada ya mauzo. Hivyo kila siku ya foleni ilikuwa pia siku ya kungoja fedha.

Kungoja huko kuna gharama. Mwenye ada ya shule au mgonjwa nyumbani asipoweza kusubiri, huweza kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ndogo sana. Biashara hiyo huitwa butura mkoani Kagera, na viongozi wa serikali na wa ushirika wamekuwa wakiipiga vita kwa muda mrefu. Wengine huvusha kahawa kwenda Uganda wanakolipwa papo kwa papo. Umaskini na bei vina nafasi kubwa katika jambo hili, na kupunguza foleni peke yake hakuwezi kuliondoa. Lakini mnunuzi wa butura hupata faida yake kutokana na pengo la muda kati ya shida ya mkulima na malipo yake, na pengo hilo linaweza kufupishwa.

### Mnyauko wa migomba

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria wa jenasi Xanthomonas uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2006, katika wilaya ya Muleba. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na pia na visu na mapanga yasiyosafishwa. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa. Mkulima hushauriwa kukagua shamba mara kwa mara, kuondoa shina lenye dalili, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kusafisha vifaa kwa moto au kwa dawa ya klorini.

Hili ni somo lilelile la raundi yenye kosa. Anayekagua kila wiki hupoteza mashina machache. Anayesubiri msimu wa mavuno huweza kukuta sehemu kubwa ya kibanja imekwisha kuambukizwa.

### Shamba darasa

Kujifunza katika kikundi kwa vitendo si jambo geni Bukoba na Muleba. Shamba darasa lilianza Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), likiwalenga wakulima wa mpunga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa FAO na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) uliuleta mtindo huo magharibi mwa Kenya, Uganda na mkoani Kagera, zikiwemo wilaya za Bukoba na Muleba.

Kikundi, kwa kawaida cha watu 20 hadi 30, hukutana shambani mara kwa mara katika msimu mzima. Wanakikundi hugawanyika katika timu ndogo, hukagua mimea na wadudu, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, hukijadili na kuamua la kufanya hadi mkutano ujao. Mwezeshaji huuliza maswali zaidi ya anavyohutubia, na michezo mifupi ya kikundi ni sehemu ya ratiba.

Shamba darasa na ajaili havikuzaliwa pamoja, lakini vinafanana: mzunguko mfupi, uamuzi unaotokana na kilichoonekana, na timu inayojipangia kazi. Utafiti wa Kristin Davis na wenzake katika nchi hizo tatu, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba kushiriki shamba darasa kuliongeza kipato kwa asilimia 61 nchi zote zikijumlishwa, na kwamba wanawake na watu wenye elimu ndogo walinufaika pia. Matokeo hayakuwa sawa kila nchi, kwani Uganda ongezeko halikuonekana wazi.

### Huduma na ofisi

Katika sekta ya afya nchini Tanzania, Wizara ya Afya ilianza mwaka 2007 kueneza mfumo wa Kaizen kwa msaada wa Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa (JICA), ikianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Mfumo huo una asili moja na kanbani. Foleni ya wagonjwa kati ya usajili, daktari, maabara na dawa ni mkondo wa kazi kama ule wa mezani, na mteja ni mgonjwa.

## Mipaka na ukosoaji

Ukosoaji mkubwa ni kwamba mchezo huficha gharama ya kukabidhi. Kusukuma sarafu mezani ni bure, ilhali kupeleka gunia moja la kahawa kwa lori, au kasha moja la samaki kwa boti kutoka kisiwa cha Bumbire wilayani Muleba, si bure. Kasoro hiyo huweza kuonyeshwa kwa kuongeza sharti kwamba mfanyakazi akimaliza fungu lazima asimame, azunguke kiti chake na kukaa ndipo aendelee. Tukichukulia kwamba jambo hilo linachukua sekunde 5, matokeo hubadilika:

| Ukubwa wa fungu | Sarafu ya kwanza | Sarafu ya mwisho |
|---|---|---|
| 20 | sekunde 100 | sekunde 100 |
| 10 | sekunde 60 | sekunde 75 |
| 5 | sekunde 40 | sekunde 70 |
| 1 | sekunde 24 | sekunde 138 |

Sasa sarafu moja moja ndiyo inayochelewa kuliko zote kumaliza, na mafungu ya 5 yanaongoza. Fundisho sahihi si kwamba fungu dogo ni bora daima. Ukubwa wa fungu ni uamuzi unaopaswa kupimwa, na kupunguza gharama ya kukabidhi ndiko kunakoruhusu mafungu kuwa madogo. Barabara inayopitika wakati wa mvua, mzani ulio karibu au malipo kwa simu ni njia za kupunguza gharama hiyo. Kwa samaki, ambao huharibika wakisubiri, mizani ya hesabu huelekea zaidi upande wa mafungu madogo.

Ukosoaji wa pili ni kwamba sarafu zote ni sawa, wakati kazi halisi hutofautiana kwa ukubwa na ugumu. Michezo ya dadu huonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Tatu, mchezo hauzungumzii mamlaka. Washiriki wanaweza kuelewa kanuni zote, lakini kama ratiba, bei na malipo yanaamuliwa na wengine, hawataweza kubadilisha mkondo wao peke yao. Kwa hiyo waongozaji wazoefu huwataka walio na uwezo wa kuamua, kama vile wenyeviti, mameneja na wakuu wa idara, wakae mezani kama wafanyakazi pamoja na wengine.

## Tazama pia

* Kanbani
* Shamba darasa
* Ushirika nchini Tanzania
* Kilimo cha kahawa Tanzania
* Mkoa wa Kagera